Nilivyolala Chini ya Shuka la Jeneza Mara Kumi na Moja

Kengeja, Pemba
Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada. Barua hii ikukute kibarazani hapo Ujiji, migebuka yako iko kwenye mawese na harufu imeshafika kwa majirani. Mguu ule uliokuwa ukivimba umepoa? Na shemeji, kile kikohozi chake cha alfajiri kinamwamsha bado, au sasa kinakuamsha wewe tu? Mimi mdogo wako ni mzima wa afya, alhamdulillahi, mpaka saa hii ninapoandika. Hayo maneno "mpaka saa hii" usiyaruke, dada. Nimeyaweka kwa makusudi.

Najua ukiona barua utasema Saidi kauza simu. Simu ninayo, tena ile kubwa. Lakini wewe nikikupigia unaweka sauti ya juu, mtaa mzima unasikiliza, na kesho yake Mama Tatu ananipigia kunipa pole ya jambo ambalo hata sijamaliza kukusimulia. Hili la leo si la sauti ya juu. Ukimaliza kusoma, kunja, weka pale unapoweka hati ya nyumba.

Dada, nimelala chini ya shuka la jeneza. Nikiwa hai. Mara kumi na moja.

Kaa kwanza. Kunywa maji. Nitaanza mwanzo.

Kazi yangu unaijua nusu. Hapo mtaani unawaambia watu kwamba Saidi anachora vikatuni. Sawa, lakini ile dawa ya meno iliyokuwa ikitembea kwa miguu miwili kwenye televisheni, nani aliyeitembeza? Mimi. Wenzangu pale studio Dar walikuwa na vyeti vya kufunika ukuta, ila ilipofika kwenye magoti ya ile dawa ya meno wakaniita mimi. Sasa nimewekwa hapa kisiwani mwaka mzima, kwa mradi, niwafundishe wanafunzi wa sanaa wa sekondari kazi ile ile, tena ile ya juu kabisa, si ya kudundisha mpira kama wanaoanza. Mimi niliyetorokea dirishani kidato cha pili, jambo tunalolijua mimi na wewe na Mungu, leo napita njiani mtu mwenye ndevu nyeupe ananiambia, "Mwalimu, hujambo mwalimu?" Naitika kwa sauti nzito.

Nina wanafunzi kumi na wanne na kompyuta tisa, na sita tu ndizo huamka. Mtu wa kwenye kompyuta, dada, huanza kama donge la unga. Unamkanda, unamtia mifupa, unaifundisha mifupa lini iinuke na lini itulie, halafu unamvisha. Mwisho unaiachia mashine itoe picha moja moja mpaka ziwe filamu. Sisi tunaita kupika, maana mashine zinapata moto kweli, tunazipepea kwa feni, na umeme ukikatika chakula kinabaki kibichi.

Kati ya wanafunzi yupo msichana anaitwa Riziki, wa kidato cha tano, mfupi, mkimya, anakaa na babu yake hapa hapa kijijini. Baba yake alifariki yeye akiwa hajaanza shule. Mtoto huyo amenipita, dada, na usimwambie mtu. Namfundisha jambo asubuhi, mchana ananionyesha njia fupi kuliko yangu, nami namwambia, "Vizuri, nilikuwa nangoja nione nani ataigundua."

Filamu yetu ya mwisho wa muhula, itakayoonyeshwa Mkoani mbele ya wazazi, ni wazo lake. Kanga inachomoka kwenye kamba ya kuanikia, inatembea kijiji kizima, inachungulia madirishani, mwisho inamshukia bibi aliyelala mkekani na kumfunika. Dakika mbili tu. Lakini nguo, dada! Mtu nitamtembeza nikiwa nimefumba macho. Nguo haina mifupa. Lazima uiambie kompyuta uzito wake, ulaini wake, upepo unatoka wapi, halafu uombe Mungu. Watoto walibuni namba za kichwani mwao, na kanga ikamwangukia bibi kama bati la paa. Makame, yule mcheshi wa darasa, akasema, "Mwalimu, bibi hakufunikwa, kaezekwa." Kilichochekwa ni kazi ya darasa langu, lakini nami nilicheka, mwalimu hawezi kubaki nyuma.

Nikawaambia, wanangu, msanii huangalia kitu chenyewe kwanza. Jumamosi nileteeni shuka moja kubwa, zito kidogo, la rangi moja, lisiwe na maua maana maua huficha mikunjo. Mtu atalala, tutamfunika, tutapiga video, halafu tutahesabu mkunjo mmoja mmoja.

Jumamosi Riziki akaja na shuka la kijani limefungwa ndani ya kanga. Pindo jeupe, halina doa, linanukia udi na kitu kingine baridi baridi. Nikauliza, "La wapi hili?" Akasema, "La nyumbani, mwalimu." Kuna mwanafunzi mmoja alinusa akasema, "Lanukia msiba hili." Nikamjibu, "Wewe umezoea misiba, nenda na harusini siku moja." Darasa likacheka. Nilipounganisha madawati mawili nikauliza nani atalala, wakatazamana. Mimi, mtu wa watu, nikavua viatu nikapanda.

Nililala chali, mikono kifuani. Wanne wakashika pembe, Riziki akawa na simu yangu anapiga video. "Moja, mbili, achia!" Likanishukia usoni polepole kama ukungu. "Tena!" Likashuka. "Mwalimu, usicheke, tumbo lacheza!" "Tena!" Tukarudia mara kumi na moja, na kila mara nilijitahidi kufa vizuri zaidi, kwa sababu mimi kazi sifanyi nusu nusu. Riziki akataka kuondoka nalo. Nikamkatalia. Nikasema mwanga ulikuwa mbaya, Jumatatu tutarudia, acha nikae nalo mimi. Aliduwaa akanitazama. Nilidhani ananionea huruma kwa uchovu.

Sasa sikiliza. Ninapanga chumba cha nyuma kwa Bwana Khatibu, mwenye duka. Mama yake, Bi Mize, alikuwa akilala chumba kinachopakana na changu, ukuta mmoja. Kila asubuhi alinigongea kwa fimbo: "Mwalimu wa picha, chukua muhogo wako, uache kukonda, utamtia aibu mamako." Jumapili alfajiri sikugongewa. Nilisikia mlango, nikasikia Khatibu akiita "Mama" mara tatu, halafu akaita kwa namna nyingine.

Tulimzika mchana ule ule. Nililia, sikufichi. Tulipofika njia ya makaburini nikaingia chini ya jeneza kushika zamu yangu, pembeni yangu yuko fundi baiskeli wa pale njia panda. Akaninong'oneza:

"Yakhe, waiona aibu hii?"

"Aibu gani?"

"Tazama juu. Shuka la kitanda. Maua ya waridi, kama bibi harusi. La msikiti limetoweka."

"Limetowekaje?"

"Mzee Faki kafungua sanduku, hamna kitu. La kijani lile, lina pindo jeupe. Kila maiti wa kijiji hiki kapita chini yake. Nambie, nani mwenye roho ya kuiba shuka la maiti?"

Dada, mguu wangu wa kushoto uliondoka peke yake. Jeneza likayumba. "Mwalimu, umechoka, nipishe," mtu akaniambia nyuma. Nikasema mimi Dubai nimebeba majokofu ghorofa ya tano, sichoki. Nikaendelea kubeba, huku maua ya waridi yananipepea sikioni, na shuka lenyewe liko chumbani kwangu.

Mzee Faki ndiye babu yake Riziki. Ndiye anayetunza vyombo vya msiba vya msikiti, shuka, makata ya kuoshea, kafuri. Vyote viko kwenye sanduku nyumbani kwake.

Jumatatu msibani Khatibu alisimama mbele ya watu. Si mtu wa makelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alisema, "Mama yangu kapelekwa kaburini kwa shuka la kulalia. Aliyelichukua alirejeshe kabla ya Ijumaa. Asiporejesha, baada ya sala twasoma Halbadiri, na atajulikana kwa tumbo lake." Wazee wakaitikia. Wewe Halbadiri unaijua, dada. Unakumbuka yule mwizi wa nyavu pale kwetu, alivyosomewa akavimba kama kiriba. Wenye elimu wanasema alikuwa na ugonjwa wa ini. Mimi nimetembea dunia, nimepanda ndege mara nne, lakini toka Jumatatu ile tumbo langu linanguruma kama mashine ya kusaga, na kila baada ya saa napima mkanda wa suruali.

Jana Riziki alibaki darasani wenzake walipotoka. Akasimama mbele ya meza yangu anachezea ncha ya mtandio.

"Mwalimu, ulijua?"

"Nimejua Jumapili, chini ya jeneza. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nikalala?"

"Ulishapanda. Nyumbani la rangi moja ni hilo tu. Na nilisema kijijini hamna mgonjwa, nitalirejesha mchana, babu hatajua. Ndipo ukakaa nalo." Machozi yakamtoka bila sauti. "Mwalimu, Halbadiri yasomewa mwizi. Mie ni mwizi?"

"Hapana. Sisi ni wasanii."

"Itajua tofauti?"

Nilimuuliza kwa nini asimwambie babu yake. Akasema babu hatampiga, hajapata kumpiga. Atachukua ufunguo wa sanduku, aupeleke msikitini, aseme mbele ya watu kwamba nyumba yake haifai tena kutunza. Halafu atakaa. "Kazi hiyo kairithi kwa babake," akasema. "Hana nyingine. Na mie hatanikataza kuja kwenye kompyuta, nitajikataza mwenyewe."

Toka Jumapili hali chakula. Anakuja, anakaa mbele ya mashine, anatazama kanga yake imesimama hewani.

Nilijaribu kulirudisha kwa siri. Leo asubuhi nilichukua shuka, nikalitia mfuko wa saruji, nikaenda msikitini nikidhani saa ile hapana mtu. Dada, msikiti wa hapa haukosi mtu. Wazee watatu barazani.

"Mwalimu, una nini humo?"

"Nguo za kufua."

"Wafulia msikitini?"

"Nimepotea njia."

"Miezi saba kijijini, wapotea njia?"

Nikarudi nalo. Sasa liko uvunguni, nami nimekaa juu ya kitanda nakuandikia, miguu nimeipandisha.

Na kuna jambo moja sijamwambia mtu. Nimeandika mara kumi na moja. Dada, ni kumi na mbili. Ile Jumamosi mvua ilinyesha, chumba kikawa na baridi, na mimi sina blanketi. Nilivuta lile shuka nikajifunika mpaka kichwani. Nililala usingizi mtamu sijapata. Na alfajiri ile ile, upande wa pili wa ukuta, Bi Mize hakuamka. Ninawaza, lile shuka lilitoka kutafuta mtu wake. Likanikuta nimejificha ndani yake. Likaenda mlango wa pili.

Ikitokea lolote, ile kompyuta yangu ndogo apewe Riziki. Viatu vya Dubai apewe shemeji, asiniambie vinambana. Wewe chukua vingine vyote, si vingi. Muadhini anaadhini laasiri. Naweka kalamu.

Jumamosi, asubuhi

Dada, bado nipo. Nilitaka barua iondoke juzi, lakini yule mfanyabiashara wa dagaa anayekuja huko Kigoma kaahirisha safari mpaka kesho. Mungu alitaka uisome yote.

Alhamisi sikufundisha. Niliwaambia watoto mashine zinapika, zisiguswe, nikakaa nazitazama. Nilikuwa nimeshapanga kwenda kwa Mzee Faki kusema ni mimi niliyeingia kwake na kulichukua, mtoto hajui lolote. Uongo mzuri, nimeshasema mrefu kuliko huo maishani. Lakini kila nikiujaribu kinywani tumbo linanguruma. Kusema uongo siku moja kabla ya Halbadiri, dada, hata mimi sina ubavu huo.

Ijumaa asubuhi nikalikunja vizuri, nikachukua na ile kompyuta, nikaenda. Mzee Faki alikuwa uani anachambua karafuu kwenye jamvi, anatenga vikonyo kando. Mtu mwembamba, vidole virefu. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kigoda. Sikuweza kukaa. Nikaweka shuka mapajani mwake.

"Nililiomba mimi," nikasema. "Niliomba shuka la rangi moja, nikaletewa. Nikalilalia mbele ya wanafunzi nikipigwa video. Nikakaa nalo nilipotakiwa kulirudisha. Usiku nikajifunika. Bi Mize alipokufa lilikuwa juu yangu."

Alilikunjua, akalipitisha pindo vidoleni kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayehesabu. Alipofika pembe moja akakuta mahali palipochanika kidogo, msumari wa dawati. Akaweka kidole hapo.

"Nani alikupa?"

Kusema sikuweza, na kudanganya sikuweza. Nikatazama karafuu.

"Nyumba hii tu watu wawili, mwalimu," akasema. "Mie sikukupa."

Nyuma ya pazia la mlango nilisikia mtu anavuta pumzi. Mzee hakugeuka.

"Haya. Nionyeshe mlilifanyia nini."

Nikafungua kompyuta juu ya jamvi, nikamwonyesha. Nimelala, shuka linashuka, watoto wanacheka. Akakunja uso. "Mwarusha kama nyavu. Hili si la kurusha. Huanza miguuni, ukalivuta pole pole." Halafu nikamwonyesha kazi yenyewe, ile ambayo Riziki alikuwa amekwisha kuitengeneza kwa kufuata video. Mle hamna mimi wala madawati. Kuna bibi mkekani, na nguo inamshukia, inatulia puani, kifuani, vidoleni vya miguu. Halafu inapanda kidogo. Inashuka. Inapanda.

Mzee akasogeza uso karibu na kioo.

"Lafanya nini hilo?"

"Linapumua, mzee. Yaani mimi ndiye niliyekuwa napumua chini yake, Riziki akaliona kwenye video akaliweka. Mimi sikuwa nimeliona."

"Rejesha."

Nikarudisha. Likapanda, likashuka. Akasema tena, "Rejesha." Sijui mara ngapi, dada. Kivuli cha mti kikazifikia karafuu, hakuzihamisha. Mwisho akasema, akitazama kioo, si mimi, "Babake huyu nilimfunika kwa mkono wangu. Watu walipotoka nikabaki nalitazama hili shuka. Nilisema labda." Akafuta uso kwa kiganja. "Wote niliowafunika nalitazama kwanza. Halijapanda hata siku moja."

Nilitaka kusema neno la kuchekesha. Wewe unanijua, nikiogopa nachekesha. Halikuja.

Baadaye akaniambia haki yake yeye kanisamehe, ila haki ya marehemu si yake. Niende msikitini, baada ya sala, kabla ya kitabu kufunguliwa, niseme mbele ya Khatibu na watu wote. Akaita, "Riziki!" Mtoto akatoka nyuma ya pazia, kichwa chini. Mzee akavua ufunguo shingoni akamtia mkononi.

"Huu utakaa na wewe. Akifa mtu saa yoyote ile, ni wewe utakayeamshwa. Ufunguo ukikosekana, ni wewe utakayeulizwa."

Alilia kuliko kama angepigwa. Lakini aliushika ule ufunguo mpaka vidole vikawa vyeupe.

Kabla sijatoka nikauliza lile lililokuwa likinila. "Mzee, mtu aliyejifunika hili akiwa hai, inakuwaje?"

"Atakufa."

Nikakaa kwenye kile kigoda mwenyewe.

"Lini?"

"Nitajua wapi? Hata mie nitakufa, na sijapata kulijaribu."

"Na Bi Mize?"

"Bi Mize moyo wake ulikuwa mbovu toka mwaka jana, alikuficha tu, hakutaka uukatae muhogo. Shuka halichukui mtu, mwalimu. Mtu huchukuliwa, ndipo lije." Akarudia vikonyo vyake. "Lichukue, ulifue kabla hujalirejesha. Kwa mkono. Na ile pembe uishone."

Sasa ule msikiti. Sala imekwisha, watu hawajainuka, chetezo kinafuka ubani, kitabu kiko juu ya mto. Nimesimama mbele ya watu Dubai, Nairobi, Dar, nimesema maneno marefu ambayo mengine sikuyajua maana yake. Pale nilisimama, kanzu ikanisaliti, kila mtu aliona inatikisika. Nilisema nililiomba, nililala chini yake, nililiweka uvunguni. Nikasema nilijifunika. Sikumtaja aliyeniletea. Mzee Faki akasimama kwenye safu yake akasema, "Lilitoka nyumbani kwangu. Na mie mnihesabu." Akaketi.

Khatibu alinijia mpaka tukakaribiana.

"Mama alikuwa akikuletea muhogo."

"Ndiyo."

"Nawe ulimbeba chini ya shuka la maua, ukijua liliko la kwake."

"Nilijua tukiwa njiani. Nikaogopa."

Nilikuwa nimeshaandaa shavu. Akasema, "Nimesamehe kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Arubaini ikipita utafute chumba kingine. Na wiki hii ukiniona njiani, pita upande wa pili."

Wakaiweka Halbadiri kando, wakamsomea Bi Mize Yasini. Yule fundi baiskeli, tulipotoka, akaninong'oneza, "Yakhe, na hiyo filamu tutaiona lini?" Nikamwambia akija Mkoani atakaa mbele. Tumbo langu lilinyamaza pale pale mlangoni, dada. Halafu likaanza tena, lakini hiyo ilikuwa njaa.

Leo nimelifua. Wanawake wa kisimani walicheka mpaka mmoja akaketi chini: "Mwalimu, wasugua kama mtu amkuna ng'ombe!" Wakanionyesha. Pembe iliyochanika nimeishona kwa uzi wa kijani, mishono mikubwa kama ya kiatu, Riziki kaifumua akashona upya. Sasa limeanikwa nyuma ya nyumba, nimekaa kizingitini naliangalia lisipeperuke kama kanga ya kwenye filamu. Upepo ukija linajaa, linapanda. Ukipita linashuka. Nalihesabu, na katikati najihesabu mimi. Hofu haijaisha, nisikudanganye. Imekaa tu pembeni yangu kama mtu wa nyumbani.

Na nikiwa hapa nimekumbuka kitu, ndicho hasa kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu. Alipofariki baba nilikuwa Dubai kwenye kazi ya ulinzi. Nilikwambia bosi alininyima ruhusa. Dada, sikuomba ruhusa. Nauli nilikuwa nayo. Niliogopa kuja kumwona amefunikwa, nikakaa kwenye chumba chetu cha walinzi, nikakutumia ile sauti ndefu ya kulia uliyowachezea watu msibani. Ulinisifu mbele ya watu kwa sauti ile. Miaka yote nimeibeba sifa hiyo. Sikuwahi hata kukuuliza alivyozikwa. Kama nimeweza kusimama msikitini Kengeja na kanzu inatikisika, na hili naweza kukwambia. Ukinikasirikia, kasirika. Ila nijibu moja: baba alifunikwa shuka gani? Rangi gani? Nani aliliweka, na alianzia miguuni? Nataka kujua.

Msalimie shemeji, mwambie viatu sasa navivaa mwenyewe. Msalimie mjomba fundi cherehani, mwambie nimejifunza kushona pindo, asitishike. Mpwa wangu yule mvunja vikombe mbusu kichwani, na Mama Tatu jirani mwambie sina habari yoyote. Bibi mzaa mama mwombe anisomee dua, asiulize ya nini.

Mdogo wako Saidi, mwalimu wa picha, anayepanda na kushuka bado.